Tundu la Sita

Luella Haugen alikuwa na miaka kumi na tisa katika ufundi wa bunduki, lakini wafugaji wa bonde lile la Montana bado walimwita binti wa Haugen. Baba yake alifariki kabla ya theluji kuanza, na tangu hapo hakuna mfugaji hata mmoja aliyeleta kazi. Wote walikuwa wakimtazama Mzee Emmett Skaar. Akiingia karakana ya Luella, nao wangeingia. Akienda kwa fundi wa mjini, nao wangemfuata.

Jumanne moja Skaar akaja, akakung'uta buti zake, akafungua mkanda na kuuweka mezani pamoja na bastola yake.

"Nataka uitanue, binti. Ipige ile risasi nene kabisa. Dubu wanashuka mpaka zizini, na hii ya sasa inawatekenya tu."

Luella akamimina risasi zote kwenye kisahani kando ya kikombe cha kahawa aliyomwandalia, kwani ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana. Kisha akapima chuma kilichobaki kati ya matundu sita ya silinda, ule mtungi unaozunguka na risasi. Akapima tena.

"Nitakuundia silinda mpya. Ya matundu matano."

"Matano? Nilipe halafu nipunguziwe?"

"Risasi nene inataka ukuta mnene, Mzee Skaar. Nikitoboa sita, chuma kitabaki kama ganda la yai. Kitakupasukia usoni."

"Baba yako angetoboa."

"Baba angekufukuza na ufagio."

Skaar akachukua kofia yake. Luella akaliona bonde zima likitoka mlangoni nyuma ya kofia ile. Kukubali kulikuwa neno moja tu. Akayatupa macho pembeni asiliseme, yakaangukia kisahani.

"Kabla hujaenda, nihesabie risasi zako."

Mzee akazisukuma kwa kidole. "Tano."

"Ya sita je?"

"Hakuna ya sita. Mtoto mdogo anajua huweki risasi chini ya nyundo ile inayoifyatua. Bastola ikikuponyoka unajipiga mguu. Mimi tangu ujana wangu..."

"Tangu ujana wako unabeba tundu tupu kiunoni," Luella akasema. "Mimi nitaweka kizuizi, ikianguka isifyatuke. Utajaza matano yote. Hujapunguziwa kitu."

Skaar akaitundika kofia kwenye msumari.

"Hiyo kahawa imepoa?"

Theluji ilipoyeyuka, alikuja kuijaribu bastola nyuma ya karakana. Akajaza, akailenga ndoo mbovu. Mishindo minne ikawakurupusha kunguru wote wa bonde. Akavuta mara ya tano: tik.

"Umesahau tundu moja," Luella akasema, akiuma mdomo asicheke.

"Mimi sijasahau. Mkono ndio bado haujapata habari." Akaifuta bastola kwa mkono wa shati lake, taratibu. "Kesho jirani yangu Torgerson anakuja na yake. Atataka sita, na atabisha. Wewe mtolee kisahani tu, fundi."