Miiba ya Micah Wamalwa

Kule landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Nakuru, Micah Wamalwa alijulikana kama mtu wa miiba. Jumapili wenzake wakienda kanisani au kilabuni, yeye alishika njia ya ziwani na kisu mfukoni, akakata miiba ya mgunga, ile mirefu iliyonyooka, akarudi nayo kuianika juu ya bati. Ikikauka aliisugua kwa msasa, mmoja mmoja, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Watu walimcheka. Mwanamume mzima, seremala wa karakana ya mabehewa, amekaa kibarazani anachonga miiba.

Miiba ilikuwa ya gramafoni. Tena si vile visanduku vya kubebwa mkononi alivyokuwa navyo kila karani wa stesheni. Gramafoni ya Micah ilikuwa na tarumbeta la karatasi ngumu, pana hata mtu angeweza kujikinga mvua chini yake, nalo lilikula nusu ya chumba chake kimoja. Aliipata Njoro, kwa mzungu mmoja mwenye wazimu wa sauti, aliyemwita amtengenezee kabati la mtambo mpya wa umeme. Kazi ilipokwisha, mzungu akamwambia aichukue ile ya zamani, maana bibi yake hakutaka kuiona tena sebuleni. Akampa na onyo: asiitie sindano ya chuma hata siku moja. Chuma hukwangua santuri, kila ikipigwa huiondolea sauti kidogo. Mwiba ni laini, huliwa wenyewe, sauti ikabaki.

Micah aliyashika maneno hayo kuliko alivyoshika katekisimu.

Mwaka wa hamsini na tatu gari la kunasa nyimbo lilipita Nakuru, na mke wake, Nabalayo, akaimba. Alikuwa na sauti nyembamba yenye ukwaruzo kidogo, na mpishi mmoja wa kambi alimpigia litungu, kinanda cha nyuzi cha kwao. Santuri ilipotoka, wenye visanduku waliinunua, wakaipiga kwa chuma asubuhi na jioni, na haukupita muda zao zikawa hazina kitu ila mvumo. Muhindi wa dukani hakuleta nyingine. Ya Micah ilibaki nyeusi, inang'aa.

Kisha Nabalayo akashikwa na homa ya mapafu, akafa. Zilikuwa siku mbaya za Hali ya Hatari, barabara zimejaa vizuizi, akazikwa hapo hapo mjini. Mama yake, Nanyama, alifika kutoka Bungoma udongo umeshakauka. Aliangalia kilima cha mchanga, akarudi kwao.

Tangu hapo Micah aliipiga santuri ile kwa nadra sana, mara nyingine Krismasi peke yake. Alifunga mlango, akachomeka mwiba mpya, akafumba macho. Alijua pale Nabalayo anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Alijua neno ambalo ulimi wake uligusa meno. Ukipita wimbo mmoja aliirudisha santuri ndani ya kitambaa, akaona amefanya jambo la maana. Jirani yake Adero, mke wa Obura wa shantini, mpanga mabehewa, alimwambia waziwazi kwamba huo ni uchoyo. Akamjibu kwamba yeye hajui kutunza kitu.

Mwaka wa hamsini na sita Nanyama akatuma habari kwamba anakuja. Amesikia kuna santuri, naye anataka kumsikia mtoto wake.

Hapo ndipo Micah alipotatizika. Kwao Bukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na mama hawezi kuingia mahali mkwe wake anapolala. Na chumba ni kimoja. Kuitoa gramafoni nje hakutaka, kwa sababu ya vumbi. Wazee wa Kibukusu wa landi walikaa, wakaamua: kitanda kitolewe, chumba kisiwe tena cha kulala, na Micah aondoke mpaka mama amalize. Basi akakifungua kitanda chake mbao kwa mbao, akakihamishia kwa Obura.

Tatizo likabaki la mkono. Nani ataipiga? Alimwita Adero, akamwonyesha kuzungusha hendeli, na kukishusha kile kichwa chenye mwiba polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Akachomeka mwiba mmoja mzuri na kumwambia ni mara moja tu, kisha aifunge. Mwiba ukipiga wimbo mmoja umekwisha ncha, na bila mwiba gramafoni imekufa. Mkebe wa miiba mingine akautia mfukoni mwa koti. Aliona amecheza vizuri. Sindano za chuma hakuwa nazo nyumbani, na hakuwaza kwamba jirani anazo.

Alishuka hadi ziwani, lakini hakukata mwiba wowote. Alikaa kwenye jiwe, akaona wimbo umeshakwisha mara nyingi kichwani mwake, akaondoka.

Alipofika njia ya nyuma ya karakana alimsikia. Nabalayo alikuwa akiimba mchana kweupe, kwa sauti aliyokuwa nayo mzima, akiwapita hata wale waliokuwa wakigonga vyuma kwenye shedi. Watu walisimama vibarazani. Kwa muda mfupi Micah alifurahi kama mjinga, akawa anakimbia, maana tangu afe hakuwahi kumsikia hivyo, mkubwa na wa karibu. Kisha akapunguza mbio. Mwiba hautoi sauti kubwa namna ile.

Wimbo ukaisha, ukaanza tena. Na chini ya sauti, sasa aliusikia mvumo.

Alifika mlangoni na hapo akakwama. Mama mkwe yumo ndani. Mkono wake ulikuwa kwenye mbao na haukusukuma. Alimwita Adero kwa sauti ya chini, kisha ya juu, lakini tarumbeta lilikuwa likiimba na Adero hakusikia. Akasimama nje ya nyumba yake mwenyewe akimsikiliza mke wake akikwanguliwa, majirani wanamtazama, na mfukoni mkebe wa miiba ukimgonga pajani. Aliichukia mila ile. Alimchukia Adero, akamchukia na mama wa watu.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha Adero akatoka kuchota maji, akamkuta. Hakuona aibu yoyote.

"Mwiba yako ilichoka mara ya kwanza tu," alisema. "Mama akalia anataka tena, nikaleta sindano ya Obura. Tangu saa sita tunapiga."

"Sindano ngapi?"

"Si ni moja. Ndiyo hiyo hiyo."

Micah akasukuma mlango.

Nanyama alikuwa ameketi sakafuni, mdomo wa tarumbeta uko juu yake, midomo yake ikifuata maneno. Alipoona ni nani alivuta leso akafunika uso wote, akageukia ukuta. Micah aliruka miguu yake, akafika kwenye gramafoni. Ubeti wa tatu ulikuwa ndio unaanza.

"Mwacheni amalize," Nanyama aliuambia ukuta.

Micah akakiinua kile kichwa.

Santuri ilikuwa imegeuka kijivu tangu ukingoni hadi katikati. Nanyama alingoja mpaka mkwe wake atoke, akakusanya nguo zake, akapanda treni ya jioni bila kuaga. Wazee walimlaumu Micah, wakamwambia apeleke kondoo kwa wakwe asafishe jambo lile. Alipeleka. Kondoo akarudishwa.

Baadaye alijaribu mwiba. Ulivunjika ncha kabla santuri haijazunguka sawasawa, maana chuma kilikuwa kimeuparuza mfuo wote. Akajaribu mwingine, na mwingine, mkebe mzima. Mwisho akafanya lile aliloapa hatalifanya, akaazima sindano kwa Obura. Ukatoka mvumo mtupu, na ndani yake kama mtu anayeita kwenye mvua. Pumzi ile kabla ya ubeti wa pili haikuwapo.

Akataka basi angalau auimbe mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja na taabu. Wa tatu hakuujua. Miaka yote ile alikuwa amesikiliza sauti, jinsi inavyopanda na kukwaruza, hata siku moja hakusikiliza mke wake anasema nini. Mpishi wa litungu alikuwa amehamia Kampala. Wenye visanduku walikumbuka kiitikio tu.

Mtu mmoja alikuwa anaujua. Vijana waliotoka likizo Bungoma walimsimulia kwamba Nanyama anauimba wote, shambani, harusini, akiwabembeleza wajukuu, na watoto wa kijiji wameushika. Micah aliwauliza ubeti wa tatu unasemaje. Walicheka, wakasema wao hawasikilizi nyimbo za akina mama, amuulize mama mkwe wake.

Alirudi kwenye randa yake. Mpaka leo, akiranda mbao, humtoka ule wimbo bila yeye kujua. Anamaliza ubeti wa pili, anafika pale alipokiinua kichwa cha gramafoni, ananyamaza.