Nimeiwekea Mafuta

Usinunue gari la turbo. Nawaambia watu kila siku, na kila siku wananicheka kwa sababu wananiona nimekalia usukani wa hilo hilo. Mimi nauza mbegu za mahindi. Nilitaka gari la kupanda milima ya Cherangany na magunia nyuma bila kulia, nikapata lenye nguvu kweli, lakini lina madeko kuliko bibi harusi. Paipu moja ikilegea kidogo linanuna. Ukilinywesha petroli ya ovyo linanuna. Hivyo nikawa fundi nusu, nipende nisipende. Nikajua kwamba hewa, kabla ya kufika kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, hupita kwenye filta, halafu kwenye kidude kidogo ambacho mafundi wa Kitale wanakiita eafloo, yaani sensa ya hewa. Ndani yake mna kiwaya chembamba kama unywele. Hicho ndicho kinachopima hewa na kuiambia injini inywe petroli kiasi gani. Kikidanganya, injini nzima inapotea njia.

Asubuhi ninayoikumbuka, gari lile lilikuwa na kazi moja tu duniani, kumfikisha baba yangu Bungoma. Dada yake, senge wetu, kama tunavyomwita shangazi wa upande wa baba, alikuwa amelazwa huko, na wanawe walikuwa wameambiwa na daktari waite watu. Senge ndiye aliyemlea Baba mama yao alipofariki, kule Malakisi. Alimfunga mgongoni akienda kuchuma tumbaku ya watu, na yeye mwenyewe alikuwa bado msichana mdogo. Sasa hakutaka maombi wala uji. Alikuwa anauliza swali moja: "Mdogo wangu amefika wapi?" Wakimwekea simu sikioni aisikie sauti ya Baba, anaisukuma. Anataka mtu, hataki simu.

Baba anakaa nje kidogo ya Kachibora, alikoendesha trekta kwenye mashamba ya watu maisha yake yote mpaka goti likakataa kukunja. Nilikwenda kulala kwake jioni iliyotangulia, tanki nimelijaza pomoni Kitale. Nilipoamka nikamkuta kando ya gari, ameshavaa koti la kanisani, anapangusa mikono kwa tambara.

"Nimeiwekea mafuta, mama," akaniambia. Mimi ndiye mama. Aliniita hivyo tangu nizaliwe. "Imeshiba kabisa. Haitatusumbua balabalani."

Baba ni wa Malakisi. L na r kwake hukalia kiti chochote kilicho karibu. Nilidhani ametuma mtu wa bodaboda amletee petroli ya mtungi kutoka senta, na tanki lenyewe lilikuwa limejaa, lakini nani atamwambia mzee hivyo alfajiri? Nikamwambia, "Asante, Baba." Tukasukuma kiti cha mbele nyuma kabisa ili goti lipate pa kunyooka. Akapakata kopo la simsim ya kusaga. Senge alipenda simsim kuliko nyama.

Tulipita Kitale vizuri. Ilikuwa kiangazi, mabua ya mahindi yamekauka shambani na vumbi limelala juu ya kila kitu. Kufika Kiminini, taa ya injini ikawaka. Nikajifanya sijaiona. Mbele kidogo gari likaanza kurukaruka, nikikanyaga halisikii, halafu linasikia ghafla. Kwenye bampu nikatoa mguu, likazima. Nikaliwasha, likazima tena. Nyuma moshi mweusi, petroli inanuka mpaka ndani.

"Iko na homa," Baba akasema.

"Haina homa, haina adabu!" nikamjibu. Nilikuwa nimeshaanza kuchemka.

Nikaegesha, nikafungua boneti. Kwanza nikashuku paipu za turbo, maana zikivuja hewa ndiyo tabia yake hiyo. Nikazipapasa moja moja, zinachoma vidole, natukana chini kwa chini. Nikakaza klipu zote kwa ncha ya kisu. Nikawasha. Wapi! Likatetemeka, likazima. Simu ikalia ndani, nikamsikia Baba akimjibu mtoto wa senge, binamu yangu: "Tuko hapa karibu, tunakuja." Hatukuwa karibu. Hata Kamukuywa tulikuwa hatujafika.

Nikamwendea dirishani. "Baba, nikusimamishie gari ingine uende mbele?"

"Hii goti itaingia wapi? Na wewe nikuache hapa na nani?"

"Baba, mimi ni mtu mzima."

"Na mimi nimekataa, bana. Tengeneza tutaenda."

Woi! Ukaidi wa mzee yule. Nikarudi mbele macho yamejaa machozi ya hasira. Nikaona nijaribu jambo la mwisho ninalolijua. Nikachomoa plagi ya ile sensa ya hewa, nikawasha. Likatulia. Likanguruma taratibu kama halijawahi kukosea mtu. Maana sensa ikichomolewa, injini inaacha kusikiliza uongo wake, inakisia yenyewe. Nikapiga makofi. "Nimekupata, shetani wewe!"

Nikajiambia ni vumbi tu, nikung'ute filta, nirudishe plagi, twende. Nikafungua zile klipu za boksi la filta, nikainua kifuniko.

Filta ilikuwa imelowa. Karatasi yake yote, kila mkunjo, mafuta mazito ya hudhurungi, yamepakwa kwa uangalifu mpaka pembeni. Yalikuwa mafuta ya trekta, yale anayoweka kwenye kopo la rangi nyuma ya mlango wa jikoni. Nikachungulia kwenye sensa. Kiwaya kinang'aa kwa mafuta, kimevaa vumbi juu yake.

Nikaelewa palepale. Trekta za zamani, zile za Baba, zilivuta hewa kupitia bakuli la mafuta, vumbi linanasa humo, injini inabaki safi. Dereva mzuri alilijaza bakuli kila asubuhi kabla ya kulima. Baba alikuwa dereva mzuri. Aliamka gizani na goti lake hilo, akafungua boneti ya gari langu, akakuta filta kavu, akaihurumia. Nimeiwekea mafuta. Mafuta hayo ndiyo aliyosema, na mimi nikamshukuru.

Boneti ilikuwa imesimama kati yetu. Hanioni, simwoni.

"Umeona nini?" akauliza kutoka ndani.

Nilitaka kupiga mayowe. Nilitaka kumwambia, Baba, umefanya nini? Nikaitoa ile filta, inadondosha mafuta kwenye viatu vyangu, nikaiviringisha kwenye gunia.

"Vumbi, Baba," nikasema.

"Vumbi ya Kitare ni mbaya," akajibu.

Sikuthubutu kukigusa kiwaya kwa kitambaa, kingekatika. Nikaiacha plagi nje, tukaondoka. Likiwa hivyo turbo haisukumi kitu. Tambarare linakwenda, mlima linatambaa. Nilikanyaga mpaka mguu ukafa ganzi, naliomba gari, nalitukana, naliomba tena. Mbele ya Kamukuywa trekta la miwa likatokea nyuma yetu, likapiga honi, likatupita. Trela mbili, miwa inaning'inia!

Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika goti. "Ona, mama! Tlekta imetupita! Ningekuja na yangu." Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, tukacheka pamoja.

Kilima kilipoisha simu ikalia mkononi mwake. Akaiweka sikioni. Hakusema "tuko karibu." Alisikiliza, akasema, "Haya," akaishusha juu ya mapaja, kando ya kopo la simsim. Akatazama miwa kwa muda. Halafu akanigusa mkono ulioshika gia.

"Endesha tu porepore, mama. Hakuna halaka tena."

Tulimzika senge Malakisi. Simsim Baba alirudi nayo nyumbani, na sijui aliila au aliimwaga. Gari lilipona kwa dawa ya kupuliza na filta mpya. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye dawa. Nililia kwenye maegesho ya duka la vipuri Bungoma mpaka muuzaji akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Miezi ikapita. Siku moja tumekaa kwake tunakunywa chai, Baba akaniuliza, "Hiyo sensa yako, ni vumbi tu iliiua?"

"Ni vumbi, Baba."

Akatikisa kichwa. "Si ni afadhari niliwekea ile firta mafuta? Bila hiyo ingezima kabisa, hata mazishi hatungefika." Akashusha pumzi. Niliona uso wake umelegea, umepata pa kupumzika. "Kesho kabla uende nitaiwekea tena."

"Asante, Baba," nikasema.

Sasa ndiyo desturi yetu. Kila nikilala kwake, asubuhi namkuta kando ya gari na tambara lake. Nami nimebeba filta kavu chini ya kiti. Nikishaipita posho mili, mashine ya kusaga unga ya senta, pale nyumba yake haionekani tena, naegesha, nafungua boneti, naitoa iliyolowa, naweka kavu.