Programu ya Kunoa Akili na Trei Themanini

Hapa Busia mimi ndiye ninayewahesabia mayai akina mama tunaovusha mzigo pamoja. Kila trei naihesabu mara mbili, kwenda na kurudi, kabla haijapakiwa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu kwenda upande wa Kenya. Mwaka jana nilikosea mara tatu. Makosa hayo pia niliyahesabu mara mbili. Wenzangu wakasema nikikosea tena, kazi anapewa mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe anangoja nijikwae.

Nikaenda Tororo kwa fundi wa simu anayeuza programu ya kunoa akili. Alitaja bei, nikacheka. Akashusha, nikacheka tena. Aliposhusha mara ya tatu nikaogopa kwamba akishusha tena programu yenyewe itageuka mbovu, nikalipa haraka.

Ni mchezo: ndege wanapita kwenye kioo cha simu, unagusa wekundu tu. Wa kijivu wanakupigia kelele, unawapuuza. Baada ya wiki sita simu ilikuwa imenisifu kuliko mume wangu.

Ikafika siku ya mzigo wa trei themanini, nikaketi kuhesabu. Kilichokuwa kikinipoteza ni salamu: za nyumbani, za ng'ombe, za mgonjwa wa Buhehe, ukirudi kwenye mayai hujui ulifika wapi. Safari hii nikawa jiwe.

"Mama, za asubuhi?" akasema mwenye baiskeli.

Kimya. Ndege wa kijivu huyo.

"Mama, natangulia na trei hizi?"

Kimya.

Mama mkwe naye akafika. "Mwanangu, nakusalimia... Weye! Umekuwa kiziwi ama ni kiburi?"

Nilipomaliza nilipata trei sitini na nane. Kwenda na kurudi, sitini na nane. Kumi na mbili zilikuwa zimeshavuka mpaka bila kuhesabiwa, na aliyezibeba aliniomba ruhusa mbele ya mashahidi.

Wenzangu wakamgeukia mama mkwe. "Haya, kazi ni yako."

"Mimi? Nikae asubuhi nzima bila kusalimia watu? Habari nitapata wapi?"

Basi tukapatana: mimi nahesabu, yeye anasimama pembeni kuwasalimia wapita njia kwa niaba yangu. Programu nimeifuta. Ujira wake ni mayai mawili kila mzigo. Juzi nilijaribu kumpa moja, nikamwambia la pili limepasuka.

"Mawili," akasema. "Na mimi nimehesabu mara mbili."