Namba ya Mzee Tadeo

Kila asubuhi, kabla hata ya kuinjika chai, Eveline, aliyeajiriwa kutunza tovuti, alipangusa vumbi la mbao kwenye kompyuta akatazama namba moja. Ilionyesha tovuti ya karakana ya Mzee Tadeo hutokea ya ngapi, kwa wastani, pale watu wanapoipata Google. Ilikuwa tatu. Mzee akiingia hakuanza na salamu. Aliuliza, "Bado wa tatu?" Akijibiwa ndiyo, huyoo, kuwatambia wenye mashine za mbao wenzake wa Mafinga.

Zaidi ya hapo hakuna aliyemuuliza Eveline chochote. Katoka Soweto ya Mbeya, kapanga chumba peke yake. Mafundi nje walitaniana kwa Kihehe, asichokijua vizuri, na yeye akicheka, anakuwa amechelewa.

Ila macho alikuwa nayo. Aliona waliokuwa wakiipata tovuti ni wale walioandika jina la Mzee Tadeo lenyewe, yaani wanaomjua tayari. Anayetafuta mlango tu, au kitanda, hata haletewi. Basi akaandika habari za mizinga ya nyuki, jinsi mafundi wanavyoiunga kwa mbao za paini, akaweka na picha.

Simu zikaanza, za Mbalizi, za Usangu. Mfugaji nyuki mmoja, Shija, aliagiza mizinga, halafu akawa anapiga tu kuuliza kama baridi ya Mafinga haijammaliza. Eveline akazoea kutembea na simu mkononi.

Lakini mizinga watu huitafuta kwa maneno mengi, na kwa mengi ya hayo tovuti ilitokea mbali huko, ya arobaini, ya sitini. Wastani ukawa ishirini na moja.

"Mtoto alikuwa wa tatu, leo wa ishirini na moja," Mzee alisema. "Mzazi nifurahi?"

"Baba, mwanzo tulikuwa tunajitungia mtihani wenyewe. Sasa tumeingia wa mkoa. Na simu si unazisikia?"

"Simu zinakuja kwa jina langu, binti. Futa hiyo mizinga, au ukatafute pengine pa kufundishia wazee."

Akafuta. Namba ikarudi taratibu hadi tatu, Mzee akaagizia karakana nzima soda. Simu zilikuwa zimenyamaza.

Mchana huohuo wa soda, Shija alipiga. Safari hii hakutania. Shemeji yake katafuta ile mizinga mpaka bando limekata, hajaona kitu, kanunua kwingine.

"Kwani mmefunga, dada?"

Dirishani Eveline alimwona Mzee katikati ya mafundi, chupa mkononi, akiwaeleza maana ya kuwa wa tatu.

"Tupo, kaka," alisema. "Ila hatuonekani."

Akachukua mkoba. Fundi Liberatus alimuuliza anakwenda wapi, akajibu vocha. Liberatus alimtazama akipita kati ya malori ya magogo hadi getini. Duka la vocha lilikuwa kushoto. Eveline alikata kulia, kwenye mabasi ya Mbeya, na Mafinga hakurudi tena.