Pikapu Nyeupe ya Bonaventura

Bonaventura wa Mugoma alikuwa na sauti tatu. Moja ilikuwa ya kwaya, nyingine ya nyumbani, na ya tatu, laini kuliko zote, aliitunzia gari lake. Mkewe Eustakia aliisikia kila asubuhi akiwa jikoni anapuliza moto.

"Haya mama, amka. Jana ulichoka, najua. Leo hatuendi mbali."

Pikapu ilikohoa, ikatetemeka, ikanguruma.

"Mimi hata siku moja hujaniamsha hivyo," Eustakia alimwambia kupitia dirishani.

"Wewe huna stata mbovu."

Bonaventura alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, aliyejifunza udereva kwenye malori ya kujengea barabara enzi za ujana wake. Tangu hapo hakutaka tena kushika jembe, ingawa shamba alilipenda kwa kulitazama. Alibeba ndizi, alibeba kahawa, alibeba maharusi na maiti. Hakuwa na moyo wa kumpita mtu barabarani. Eustakia akipanda naye kwenda mnadani, walifika wakati wengine wanarudi, kwa maana kila kikongwe mwenye fimbo alisimamishiwa gari, akaulizwa habari za wajukuu, kisha akainuliwa na kuwekwa juu ya mikungu ya ndizi kama mtoto.

Wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi, nchi ilijaa watu, na barabara ikajaa magari meupe ya mashirika. Gari jeupe halikusumbuliwa sana kwenye vizuizi. Gari jeupe liliitwa likodishwe. Basi kila mwenye kitu chenye magurudumu, kuanzia Ngara mpaka Biharamulo, akatafuta rangi nyeupe. Bonaventura naye hakukubali kubaki nyuma na pikapu yake ya kijani. Baada ya Pasaka aliifungua taa, grili, bampa na kila boliti iliyokubali spana, akazipanga kwenye ungo wa mkewe. Eustakia alishika brashi ya kupakia chokaa ukutani, akapaka madigadi ya mbele na pale nyuma ya grili. Hakuacha upenyo. Aliipenda ile rangi kwa sababu zake mwenyewe: gari jeupe linaonekana kwa mbali, na lori halitasema halikuliona.

Kazi ilipokwisha, watoto wa kambini walilikimbilia wakipiga kelele, "Shirika! Shirika!" Bibi mmoja mkimbizi, Nyirabahizi, alimsimamisha Bonaventura sokoni Kasulo, akamshtakia kwamba mgao wake wa maharage umepunjwa. Bonaventura hakumwambia kwamba yeye ni mbeba ndizi tu. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, akasema, "Nitalifikisha, bibi." Kesho yake alimpelekea maharage kutoka ghala la Eustakia. Eustakia alipouliza yamekwenda wapi, alijibiwa kwamba shirika limetoa.

Mvua za El Nino zilipokwisha kupasua barabara, ndipo taa zikaanza visa vyao. Zilikuwa zinawaka vizuri nyumbani, zikafika njiani zikafifia kama mshumaa, kisha zikazima zote mbili. Bonaventura alishuka, akalipiga gari kofi kwenye madigadi, zikawaka. Alifurahi kama aliyevumbua kitu.

"Ni kama ng'ombe mvivu," alisema. "Anataka kuguswa tu."

"Na ukiwa mteremkoni utashuka kumgusa?" Eustakia aliuliza.

Tangu siku hiyo Eustakia alianza kulitazama lile gari kama mama anavyomtazama mtoto anayekohoa. Likiingia jioni, alisimama mlangoni kuona kama macho yake yanaangaza. Likichelewa, alihesabu mbwa wanaobweka upande wa barabara na kubahatisha ni yupi anayelibwekea.

Fundi wa mambo hayo alikuwa Niyonzima, mkimbizi wa Kirundi aliyefanyia kazi chini ya turubai pembeni mwa soko la Kasulo. Alikuwa kijana mwembamba, msafi, mcheshi, na Bonaventura alimpenda kwa kuwa Kirundi chake na Kihangaza cha Mugoma vilisikilizana bila tabu. Mara ya kwanza Niyonzima alibadilisha fyuzi, taa zikawaka. Zilipozima tena, alibadilisha balbu, zikawaka. Mara nyingine akasafisha swichi. Kila alipogusa kitu ziliwaka, wakaagana kwa furaha, na baada ya siku chache Bonaventura alikuwa tena barabarani, anapiga makofi.

Yote hayo Eustakia angeweza kuyavumilia, kama si Teddy.

Teddy, binti yao wa kwanza, alikuwa ameolewa Bisibo, wilaya ya Biharamulo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwa nzito. Mtoto wa kwanza huzaliwa karibu na bibi yake mzaa mama. Kwao ndivyo ilivyokuwa. Eustakia mwenyewe alijifungua Teddy ugenini, mamaye akiwa amezuiwa na mto uliofurika, na hofu ya siku ile haikumtoka. Lakini kati ya Mugoma na Bisibo kulikuwa na pori, na porini kulikuwa na majambazi wenye bunduki. Magari yalipita kwa msafara, asubuhi, askari wakiwa mbele na nyuma. Ukungu wa pori ulikuwa mzito, na sharti la msafara lilikuwa moja: taa ziwake mwanzo hadi mwisho, ili anayefuata amwone aliye mbele yake.

Walikwenda kumchukua mara ya kwanza. Pale kwenye kizuizi askari akapaza sauti, "Taa!" Magari yote yakafungua macho. Pikapu ya Bonaventura ikafungua, ikafumba.

Bonaventura akashuka, akapiga kofi. Akapiga jingine.

"Mzee, unaligombeza au unalibariki?" dereva wa lori alimuuliza, na watu wakacheka.

Askari hakucheka. "Mzee wangu, toa gari pembeni. Likizima mle ndani litagongwa, au tutasimama wote kulisubiri. Sitaki watu wafe kwa ajili yako."

Msafara ukaondoka. Eustakia alibaki amekaa kitini, khanga mpya ya kumpelekea binti yake mapajani, akaitazama mpaka nyuzi zake zikachanganyika machoni.

Siku chache baadaye ukaja ujumbe kutoka kwa Ernesta, mama mkwe wake Teddy. Kama hawatafika na msafara wa Alhamisi, Teddy asingesafiri tena, tumbo limeshuka. Angezalia pale pale, kwa mkunga wa jirani, na wasiwe na wasiwasi.

"Anasema tusiwe na wasiwasi," Bonaventura alisema.

"Amemwambia nani? Mimi?" Eustakia alijifunga kitenge. "Leo nakwenda nawe kwa huyo Mrundi wako. Na mimi simpandishi mwanangu kwenye gari la makofi. Zisipopona taa, utalala nalo hilo bibi harusi lako."

Kasulo walimkuta Niyonzima anakula muhogo. Alisimama, akafuta mikono.

"Shikamoo mama. Mzee Bona, zimezima tena?"

"Marahaba mwanangu," Eustakia aliitikia kabla ya mumewe. "Zimezima. Nipe kigoda."

Alikiweka kigoda mbele ya gari kabisa, uso kwa uso na grili, akakaa. Niyonzima alitazama kile kigoda, akamtazama Bonaventura. Bonaventura akainua mabega.

Fundi alichukua kifaa chake cha kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Mmoja aliufunga kwenye betri, upande wa hasi. Wa pili aliugusisha penye waya unaoleta umeme kwenye taa. Balbu ndogo ikawaka vizuri.

"Umeona mama? Umeme unafika."

"Kama unafika, mbona taa haziwaki?"

"Hapo ndipo ninapochoka."

Alichomoa balbu ya taa kubwa, akairudisha, akatikisa nyaya. Taa zikawaka, za njano, zimelegea. Bonaventura alishangilia akiwa kwenye usukani. Eustakia hakuondoa macho.

"Washa indiketa," Niyonzima alisema. "Tuone na zenyewe."

Bonaventura aliwasha ya kulia. Ikawa inawaka na kuzima kama kawaida yake. Eustakia aliinama mbele.

"Amewasha ya kulia, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona ya kushoto nayo inakonyeza? Kidogo, lakini inakonyeza. Na taa kubwa zinapungua kila hiyo inapowaka. Tazama. Hapo. Na hapo tena. Kama watu wanaogombea uji kwenye kikombe kimoja."

Niyonzima alichuchumaa kando ya kigoda, kichwa chake kikawa sawa na cha Eustakia. Wakatazama wote wawili. Kisha akajipiga paji la uso.

"Yewe! Mama, mimi nimekuwa nikipima unakoingia. Sijapima unakotokea." Akageuka kumweleza Eustakia, maana aliona mama huyo hatamwacha bila maelezo. "Umeme ukishapita kwenye taa lazima urudi kwenye betri. Unarudi kwa waya huu mweusi, tunauita ethi. Waya umefungwa kwenye bodi kwa boliti, na bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Njia ikiziba, taa zote zinasukumana, kila moja inatafuta pa kutokea kupitia kwa mwenzake. Na mimi kifaa changu nimekifunga kwenye betri moja kwa moja, kwa hiyo sikuiona njia iliyoziba."

Akachukua spana, akaingiza mkono nyuma ya grili, akafungua boliti. Chini ya kichwa cha ule waya, badala ya chuma, kulikuwa na rangi. Nyeupe, nene, nzuri, imepakwa vizuri bila kuacha upenyo. Mahali padogo tu palikuwa pamekwaruzwa na boliti ilipokazwa mwanzo; hapo ndipo taa zilipokuwa zikipata uhai, na barabara mbovu ilipolegeza boliti, hata hapo pakashika kutu. Kofi la Bonaventura lilikuwa likiisogeza kidogo tu, igusane na chuma.

Bonaventura alikuja kuchungulia. Aliitazama rangi, akamtazama mkewe, akatazama mawingu.

"Aliyepaka hapa," alisema taratibu, "alikuwa na bidii."

"Aliyefunga boliti juu yake," Eustakia alijibu, "alikuwa na haraka."

Niyonzima alicheka mpaka akakaa chini. Alipotulia, uso wake ulibadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. "Ngoja kwanza. Magari yote ninayoletewa hapa kwa ugonjwa wa taa ni meupe. Yote! Nimewauzia watu balbu mwaka mzima." Akasimama, akaangalia upande wa barabara. "Itabidi niwatafute mmoja mmoja."

Alisugua mahali pale kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akasafisha kichwa cha waya, akafunga kwa nguvu, kisha akapaka grisi juu yake kuzuia maji. Akaongeza na waya mwingine mnene kutoka pale hadi kwenye hasi ya betri, ili hata bodi ikikataa, umeme uwe na njia yake. Eustakia alimwagiza mumewe awashe kila kitu kwa pamoja, taa, indiketa, honi na wipa. Hakuna kilichokonyeza pasipotakiwa. Mwanga ulikuwa mweupe, ukampiga machoni mpaka akageuza uso.

Alhamisi, kwenye kizuizi, askari yule yule aliita, "Taa!" Pikapu ikafungua macho, na haikuyafumba. Eustakia alikaa amekazia macho nyuma ya lori lililokuwa mbele yao, pale mwanga wao ulipoangukia. Pori lote lilipita, mwanga ukabaki pale pale. Bisibo walimkuta Teddy ameketi mlangoni, mfuko umefungwa, mkwewe Ernesta amesimama nyuma yake kama asiyeamini.

"Nilisema hamji," Ernesta alisema.

"Na mimi nilisema hivyo hivyo," Eustakia alimjibu, wakakumbatiana.

Walilala huko. Asubuhi, kurudi, askari wa msafara alimwona Teddy na tumbo lake, akazitazama taa, akawapanga nyuma tu ya gari la polisi, mbele ya magari mengine yote. Bonaventura alijaa kiburi. Teddy alikaa katikati ya wazazi wake. Eustakia aliweka kiganja juu ya tumbo la binti yake, akahisi kisigino kidogo kikimsukuma.

Ukungu ulikuwa mzito, na mwanga wao uliukata vizuri, barabara ikaonekana yote.

"Polepole," Eustakia alisema.

"Mama Teddy, taa zinawaka. Sasa unaogopa nini?"

"Naogopa lile shimo."

"Shimo gani?"

"Lile pale mbele. Si unaliona?"

Bonaventura aliliona. Akapunguza mwendo, akalizunguka, na kwa ile sauti yake ya tatu akasema, "Haya mama, taratibu, taratibu." Hakuna aliyeuliza kama maneno hayo yalikuwa ya gari, ya mkewe au ya binti yake.