Nyamizi Apelekwa Rusumo

Jicho la kushoto la Nyamizi lilikufa mwaka juzi. La kulia presha ya macho ilikuwa imelila pembeni kote, ikabakiza kitundu katikati, kana kwamba anaichungulia dunia kupitia tundu la mlango. Daktari alimwambia Diana, binti wa Nyamizi, kwamba hata hicho kitaziba kabla ya mavuno.

Ndipo Diana alipoamua. Mama yake alikuwa anatimiza miaka sitini na hajawahi kuyaona maporomoko ya Rusumo, ingawa ameishi Biharamulo tangu walipohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Wangekula hotelini kama watu wenye nafasi, kisha wangekwenda kuyatazama. Mume wa Diana, Mihayo, angeendesha gari la kuazima.

Alichosahau Diana, kwa mimba ya miezi minane na huzuni iliyomjaa kichwani, ni kwamba Msukuma wa rika la mama yake hali chakula mbele ya mkwewe. Hampi mkono, wala hasemi naye. Safari nzima Nyamizi alikaa kiti cha nyuma, kitenge kimemfunika mpaka kwenye nyusi, na maneno yake yote yakapitia kwa binti.

"Mwambie mwenzio apunguze mwendo."

Mihayo alipunguza kabla hajaambiwa.

Hotelini, karibu na Benaco, walitandikiwa kitambaa cheupe. Akaja sato mzima, ndizi za kukaanga, na keki yenye jina la Nyamizi. Viti vitatu, meza moja. Nyamizi aligoma kukaa.

"Bibi, samaki huyu ametoka ziwani leo," mhudumu alimbembeleza. "Hebu mtazame macho yalivyo maangavu!"

"Nimeyaona. Amenizidi."

Mihayo alielewa. Alichukua sahani yake, akaenda kula nyuma ya gari. Nyamizi alimega vipande viwili, akaisogeza sahani. Keki hakuna aliyeikata.

"Siku yako nimeiharibu, mama," Diana alisema, akilia.

"Nyamaza. Nipeleke kwenye maji."

Kule Rusumo, kutoka barabarani, Nyamizi aliambulia weupe uliopita na kupotea. Palikuwa na njia ya miguu iliyoshuka hadi kwenye mwamba, imelowa, inateleza. Diana alijaribu hatua chache, akashika kiuno, akaketi kwenye jiwe.

"Turudi nyumbani, mama."

"Nikaone nini huko?"

Hapakuwa na mwingine ila Mihayo. Alivunja tawi, akashika ncha moja bila kugeuka, nyingine akamwachia mama mkwe. Wakashuka hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, mpaka ngurumo ya maji ikaimeza sauti ya Diana.

Pale chini hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Manyunyu yalimlowesha Nyamizi uso. Aligeuza kichwa huku na huku. Kitundu chake kilikuta jiwe, kikakuta anga, kikakuta mgongo wa mkwewe.

"Mkwe," alisema kwa sauti kubwa. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amwoe bintiye. "Yako wapi?"

"Mbele yako, mama. Kulia kidogo."

"Siyapati. Nigeuze wewe."

Mihayo alisimama kama aliyeamriwa kuiba. Kisha, macho ameyainamisha, akamshika mabega na kumgeuza polepole.

"Hapo?"

"Bado," alisema Nyamizi. "Usiniachie. Nigeuze tena."