Habari Niliyoikatiza Njiani

Nakumbuka siku moja ya masika, miaka ile ya foleni za sukari, nilipomchukua mama yangu kutoka Endabash kumpeleka Wasso. Kaka yangu Emanueli, mwalimu huko, alikuwa amelazwa hospitali, na ujumbe uliotufikia ulisema anamtaka mama. Mimi nilikuwa dereva wa Land Rover ya tajiri mmoja wa Karatu, na mwanangu, kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko gari lenyewe.

Tulipanda Ngorongoro, tukateremkia upande wa pili mpaka mbugani, ambako barabara ni alama za magurudumu tu. Mzee mmoja wa Kimaasai akatusimamisha. Desturi ya watu wale unaijua: habari hazirukwi. Huanza watoto, wakafuata ng'ombe, kisha mvua, na jambo lenyewe huja mwisho. Mzee alipofika kwenye ng'ombe, nikatia gia.

"Mwanangu, mzee hajamaliza," mama akasema.

"Ng'ombe wake watatusaidia nini, Mama?"

Hata leo nikilikumbuka jibu lile naona haya.

Mwendo wa saa moja mbele tukakuta korongo limejaa maji. Nikajitia ubingwa, nikaliingia, gari likazama kwenye tope hadi ekseli. Tukakata matawi ya miiba, tukazungushia kijiboma, tukalala porini siku mbili kwa viazi vya kuchoma. Mama hakunigombeza. Alisali, akaniuliza mara kwa mara kama naona gari lolote linakuja.

Asubuhi ya siku ya tatu yule mzee akatokea na vijana wanne, wakatusukuma mpaka tukatoka. Nilipomshukuru, akanitazama kwa huruma.

"Ero," akasema, kama wanavyowaita vijana wao, "baada ya ng'ombe ilikuwapo mvua. Baada ya mvua, korongo. Ningekuonyesha kivuko cha juu, kwenye mawe. Ungefika Wasso siku ile ile."

Tulifika saa kumi jioni. Kaka alikuwa amezikwa jana yake. Alifariki usiku ule wa kwanza tuliolala porini, na muuguzi alisema kutwa nzima kila gari lilipounguruma kaka aliuliza kama ndilo lililomleta mama. Mama akaketi chini palepale. Aliishi miaka mingi baadaye, wala hakunilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu.

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lingevunjika ningeshukuru, maana guu huunga. Ukiwa katika nchi ya watu, zima injini. Mwache mwenyeji amalize habari zake, hata zile unazoona hazikuhusu, maana hujui unayoihitaji ni ya ngapi. Ndugu akikuita, nenda upesi, lakini upesi usikuzibe masikio.

Mungu akuongoze katika kila njia, na wale unaowaendea uwakute wazima.